Hita Isiyohitajika Dar es Salaam

Masika ya mwaka 2023, kapeti ya gari langu ililowa upande wa abiria. Gari lenyewe ni pikapu, Toyota Hilux ya mwaka 1996 yenye injini ya dizeli, iliyokwisha kupita katika mikono mingi kabla ya kufika katika yangu. Ninaishi Goba, na sisi wa Goba tumezoea maji kuingia mahali yasipoalikwa. Binti yangu aliposhuka mbele ya shule yake na soksi zikiwa zimelowa, nilisema ni mvua. Mpira wa kioo cha mbele umechoka. Nikanunua gundi ya silikoni, nikaipaka kwa uangalifu wa mtu anayesahihisha tasnifu, nikaridhika.

Kisha mvua ikakatika kwa siku tisa. Jua likawaka, vumbi la Goba likarudi kazini, na kapeti ikaendelea kulowa.

Mimi hufundisha mbinu za utafiti. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili kwamba dhana ambayo mwenyewe hataki ikanushwe na ushahidi si dhana tena, ni imani. Nakiri kwamba kwa karibu mwezi mzima nilikuwa muumini wa mpira wa kioo.

Dalili nyingine zilikuwapo tangu mwanzo, ila sikuzisoma. Asubuhi nilipokuwa nikiteremka kuelekea Makongo, kioo cha mbele kilifunikwa kwa ndani na ukungu mwembamba. Nilipoufuta kwa kitambaa haukutoka. Ulitambaa tu, ukaacha michirizi ya mafuta-mafuta iliyometameta kila gari lililokuja mbele yangu lilipowasha taa. Maji ya rejeta yalipungua kiasi cha nusu lita kila baada ya siku mbili tatu, lakini chini ya gari, pale uwani, hapakuwa na hata tone. Na binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, aliniambia mara mbili, “Baba, gari linanukia pipi.” Nilimjibu kwamba pengine kuna pipi aliyoidondosha mwenyewe chini ya kiti.

Nikalipeleka gari kwenye gereji moja kubwa, yenye sakafu ya vigae na kaunta ya mapokezi. Fundi mkuu alisikiliza sentensi yangu ya kwanza, kwamba gari linapunguza maji na hakuna panapoonekana kuvuja, na hakuingoja ya pili. “Hiyo ni gasketi ya silinda hedi, Dokta.” Akaliwasha, akanionyesha moshi mweupe kwenye bomba la nyuma, moshi ambao dizeli ya umri ule huutoa karibu kila asubuhi kabla injini haijapata joto. Hakupima chochote, nami sikumwomba apime. Lilikuwa jibu lenye hadhi: zito, la gharama, lenye istilahi. Injini ikafunguliwa, hedi ikapelekwa kukwanguliwa kwenye mashine, gasketi mpya ikawekwa, nikalipa shilingi 850,000. Wiki mbili baadaye kapeti ilikuwa imelowa.

Watumishi wa umma wanaonisoma wataniwia radhi nikisema kwamba utaratibu huu si mgeni kwao. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akague na kutoa taarifa angalau mara moja kila mwaka, na kila mwaka taarifa hiyo hutuambia kwamba maji yanapungua. Mara nyingi kinachofuata si kutafuta yanapopitia. Kinachofuata ni kumtoa mtu na kumweka mwingine, kwa hafla ya kuapishwa na picha ya pamoja: gasketi mpya kwenye injini ambayo haikuwa na ugonjwa wa gasketi.

Fundi aliyelipata tatizo anafanya kazi chini ya mwarobaini, si mbali na Goba Senta. Hana cheti. Alianza kwa kumshikia tochi fundi mwingine kule Gerezani akiwa na miaka kumi na mitano, na mpaka leo hushika tochi mwenyewe, hampi msaidizi, kwa sababu anasema jicho na mwanga havitakiwi kuwa vya watu wawili. Nilipomweleza historia yote, pamoja na gasketi, hakucheka. Aliuliza maswali matatu. Kapeti inalowa upande gani? Inalowa gari likiwa limelala au likiwa limetembea? Na maji unayojaza kwenye rejeta yana rangi gani?

La tatu lilinishangaza. Nikamjibu kwamba huwa naongeza kulanti ya kijani, si nyingi, ili mradi maji yapate rangi. Akakunja karatasi nyeupe, akaikandamiza kwenye kapeti, akanipa niitazame. Ilikuwa na doa la kijani hafifu. Mvua ya Goba ina mengi ndani yake, lakini haina rangi hiyo. Kiyoyozi nacho kingekuwa kinadondosha maji, yangekuwa meupe kama ya kunywa.

Halafu akapima. Injini ikiwa ya baridi, alifungua mfuniko wa rejeta, akafunga mahali pake pampu ndogo ya mkono yenye mshale, akapandisha shinikizo hadi lile ambalo mfuniko wenyewe umeandikiwa. Tukakaa. Mshale ukaanza kushuka taratibu, kama mtu anayesinzia. Akatazama oili: safi, haikuwa na weupe wa maziwa. Ndipo akachukua koleo mbili za kubana, akaviringishia kila moja kitambaa ili isiujeruhi mpira, akaibana mipira miwili inayoingia kwenye hita. Akapandisha shinikizo tena. Mshale ukasimama. Tukangoja dakika kumi, tukaongea habari za Simba na Yanga, na mshale haukushuka hata kidogo. Akaziachia koleo, ukaanza kushuka.

“Hapo,” alisema.

Kazi yote haikuzidi nusu saa. Nimesoma vitabu kadhaa kuhusu namna ya kutenga sababu moja kutoka katika nyingine, na sijaona mfano ulio bora kuliko zile koleo mbili.

Kwa wasiolijua jambo hili, kama ambavyo mimi sikulijua: hita ya gari haina moto wake yenyewe. Ni rejeta ndogo, ya ukubwa wa kitabu kinene, iliyofichwa katika sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi. Mipira miwili hupenya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Mmoja huleta maji ya moto kutoka kwenye injini, mwingine huyarudisha. Feni hupuliza hewa kupitia rejeta hiyo, hewa hupata joto, nawe huipokea miguuni, usoni au kwenye kioo. Rejeta hiyo ikitoboka, maji hayadondoki chini ya gari ambako ungeyaona. Humwagika ndani ya sanduku, hutambaa mpaka kwenye kapeti, na mvuke wake hupulizwa kwenye kioo. Yale mafuta-mafuta yalikuwa kulanti. Harufu ya pipi nayo ilikuwa kulanti, yaani ethilini glikoli iliyomo ndani yake, ambayo ni tamu puani na ulimini, na ni sumu kwa mtoto, mbwa au paka atakayeilamba. Binti yangu alikuwa ameutaja ugonjwa wa gari kwa usahihi mwezi mmoja kabla ya gereji. Nilimwomba radhi. Akauliza kama na yeye atalipwa 850,000.

Sasa likaja swali la tiba. Wapo majirani walioshauri tutie bizari ya manjano ndani ya rejeta, wengine wakashauri unga wa kuzibia unaouzwa kwenye maduka ya spea. Fundi alikataa vyote. Alisema kinachoziba tundu kitaziba na njia. Yeye alikuwa na jibu jepesi zaidi. “Tunaikata, Dokta. Dar es Salaam hita ya nini?”

Kukata maana yake ni hivi: ile mipira miwili inachomolewa kwenye hita na kuunganishwa yenyewe kwa yenyewe kwa kipande cha bomba na vibanio viwili, ili maji yaendelee kuzunguka bila kupita ndani. Kazi ikachukua dakika ishirini, gharama shilingi 15,000. Fundi anasema magari mengi ya zamani anayoyafungua yamekwisha kukatwa hivyo, na wenye magari hata hawajui. Na kweli, nani katika jiji hili amewahi kuwasha hita? Sisi tunaosukumana na foleni ya Mbezi kwa joto la Februari tunaiona ile alama nyekundu kwenye dashibodi kama pambo la Wajapani. (Ingawa ni jiji hilihili ambalo ofisini huvaa suti ya sufi na kuwasha kiyoyozi mpaka mgeni anatetemeka. Hilo tuliache.)

Kapeti ikakauka. Maji yakaacha kupungua. Kioo kikawa safi. Nilimsifia fundi kila mahali, na sijutii, kwa maana kwa gari la Dar es Salaam uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa.

Mwezi Julai nikaenda nyumbani Njombe.

Safari ya kwenda ilikuwa ya mchana. Mikumi, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha Kitonga, ambako nilikuwa naogopa. Gari likapanda mlima ule nyuma ya malori ya Tunduma bila mshale wa joto kusogea. Tangu Iringa hewa ilianza kubadilika, na kupita Mafinga, katika misitu ya Sao Hill, nilivaa koti. Njombe iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai kuna asubuhi unaamka ukakuta umande umeganda kwenye majani. Nilizaliwa huko. Nilikuwa nimesahau, kama mtu anavyosahau lugha asiyoisema kila siku.

Mama alikuwa na kikohozi nilipofika. Usiku wa tatu pumzi yake ikawa fupi, na mdogo wangu wa kike akaniamsha saa tisa. Tulimfunga mablanketi mawili, tukampandisha kwenye pikapu, yeye katikati, mdogo wangu dirishani, mimi kwenye usukani. Kutoka kijijini kwetu hadi hospitalini mjini ni kilomita thelathini na kitu, nyingi zikiwa za udongo, zinazopinda kufuata ukingo wa makorongo.

Hatukuwa tumefika hata kilomita ya pili kioo kikafunga. Nje kulikuwa na ukungu, lakini ukungu wa nje taa huupasua kidogo. Huu ulikuwa wa ndani: pumzi za watu watatu kwenye kabini ndogo, zikigonga kioo baridi na kugeuka maji. Nikawasha feni. Ikapuliza hewa ya barafu. Mdogo wangu akawa anafuta kwa kanga yake, na kila alipotoa mkono kioo kilifunga nyuma yake. Dawa ya hali ile ni moja tu, hewa ya moto kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimeikata chini ya mwarobaini kwa shilingi 15,000 na kujisifia.

Dawa ya pili ni kufungua madirisha, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje. Hapo nikasimamisha gari kabisa. Madirisha yakifungwa, sioni njia. Yakifunguliwa, mwanamke wa miaka sabini na mbili mwenye mapafu yaliyojaa anapigwa na upepo wa Julai kwa saa nzima na zaidi. Mama hakuwa anaongea sana usiku ule. Aliona nimesimama, akaelewa, akasema, “Fungua tu, mwanangu. Baridi naijua. Korongo silijui.”

Tulifungua. Tulitumia karibu saa mbili. Alipopokewa, muuguzi alimshika mkono, akautazama, akautia katikati ya viganja vyake kwanza, kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ilikuwa nimonia. Wakampa oksijeni na dawa, akalazwa siku nane, akapona. Daktari aliniambia, nilipomuuliza, kwamba upepo wa njiani haukuwa chanzo cha ugonjwa ule. Nilishukuru kuambiwa hivyo. Lakini ule mkono muuguzi aliushika mbele yangu, na nilijua umetoka katika gari la nani.

Wakati wa kurudi Dar es Salaam nilikuwa peke yangu, na kati ya Makambako na Iringa mtu ana nafasi ya kufikiri. Fundi aliuliza, Dar es Salaam hita ya nini? Lilikuwa swali halali, na hakuwa na namna ya kujua kwamba kila Julai gari hili hulala Njombe. Mimi nilijua. Niliulizwa swali nikiwa Goba, na mtoto wa Njombe nikajibu kama mtu ambaye dunia yake inaishia Kibaha. Aliyehitaji hita hakuwapo chini ya mwarobaini siku ile, na mimi niliyepaswa kumsemea nilikuwa nasikia joto.

Nchi hii imewahi kukata mipira mikubwa kuliko ule wangu. Reli ya Kusini, iliyounganisha Mtwara na Nachingwea, ilijengwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga. Mradi ukafa, reli ikabaki na hasara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Kwa hesabu za mhasibu, palikuwa panavuja, pakazibwa. Treni ya abiria ya kwenda Moshi nayo ilisimama kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka ilipoanza tena Desemba 2019. Sina shaka kwamba waliofanya maamuzi hayo walikuwa na majedwali sahihi mbele yao. Wala sisemi kwamba kila tawi linalovuja lisikatwe. Lingekuwa gari la kubebea mchanga kutoka Goba hadi Tegeta, ningelikata tena kesho. Ninachouliza ni mtu alikuwa amekaa wapi alipokuwa akiamua kwamba kitu hiki hakihitajiki, na kama alikuwa anasikia joto.

Nilipomwambia fundi kwamba nataka hita irudi, alidhani natania. Katika miaka yake yote, alisema, amekata nyingi, hajawahi kurudisha. Nilimsimulia habari za Mama. Akanyamaza kidogo, akasema, “Ungeniambia kuna safari ya huko, Dokta, nisingekata.” Hakusema kwa lawama, na ndiyo maana iliniuma.

Kuipata rejeta yenyewe kulikuwa hadithi ya siku nne. Mpya ya asili ilikuwa ya kuagizwa kutoka nje, kwa bei na muda ambao mshahara wangu na subira yangu havikuweza kuvibeba. Tukatafuta ya mtumba, Kariakoo kwanza, kisha Ilala. Muuzaji wa Ilala alitutolea moja kutoka chini ya lundo, ya shaba, akaipuliza vumbi, akaapa. Fundi hakuapa, aliomba ndoo ya maji. Akaziba mrija mmoja kwa kidole gumba, mwingine akauchomekea pampu ya baiskeli, akaizamisha. Vipovu vikapanda kutoka kwenye kona, vidogo, kimoja baada ya kingine. Muuzaji akasema hivyo ni vya hewa iliyonaswa. Fundi akaendelea kupuliza mpaka wote tuliosimama pale tukakubaliana bila kusema kwamba hewa iliyonaswa huwa na mwisho. Ya pili haikutoa kipovu. Tukalipa 120,000 kwa ile ya pili.

Kuifunga kulichukua siku mbili, kwa sababu Wajapani waliifunga hita kwanza kisha wakalijenga gari kuizunguka. Sanduku la glavu likatoka, dashibodi ikalegezwa, nyaya zikawekewa alama za plasta zenye namba, waya wa kufungulia maji ya moto ukachomolewa. Kila skrubu iliingia kwenye kopo lake. Niliruhusiwa kushika makopo. Sanduku lilipotoka, fundi akaichomoa rejeta ya zamani, akaipigapiga kwenye kiganja, akamimina maji upande mmoja. Upande wa pili yalitoka mazito na ya kahawia kama uji wa ulezi.

“Maji gani unatia?” aliuliza. Nikamwambia: ya kisima changu.

Wenzangu wa Goba wanajua maji ninayoyasema. Kabla mabomba hayajatufikia tuliishi kwa visima na magari ya maji, na kisima changu, kama vingi katika jiji hili, kina chumvi. Sabuni haitoi povu. Chai inakuwa na ladha. Kwa miaka mingi tulinunua maji ya kunywa, na ya kisima tukayaachia kufulia, kudekia, kumwagilia na, kwa upande wangu, kujazia rejeta ya gari, kwa kuwa maji ni maji. Fundi aliniangalia. “Maji usiyoyanywa wewe, unainywesha injini?”

Chumvi hula chuma na shaba, na madini huganda kwenye kuta za mirija. Mirija ya hita ni myembamba kuliko ya rejeta kubwa, kwa hiyo iliumwa ya kwanza. Na kilichonisumbua zaidi ni alichonionyesha baadaye, alipofungua rejeta kubwa na kumulika ndani: safu ya chini ya mirija ilikuwa imekwisha kuanza kuziba kwa uji uleule. Tulipokata hita mwezi Mei, tulinyamazisha sehemu pekee ya gari iliyokuwa inalalamika. Maji yaleyale yaliendelea kuzunguka, na safari ingine moja au mbili za Kitonga zingetosha kuniletea ile gasketi ambayo gereji ilinitabiria, safari hii kwa haki.

Tukasafisha injini nzima. Mpira wa bomba uliingizwa upande mmoja na maji yakaachwa yapite mpaka yatoke meupe, jambo lililochukua sehemu kubwa ya alasiri na kuacha doa la kutu uwanjani kwa fundi ambalo bado lipo. Halafu tukajaza mchanganyiko wa nusu kwa nusu: kulanti, na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta. Injini ikawashwa mfuniko ukiwa wazi tangu ikiwa ya baridi, na kitasa cha hita kikiwa kimesukumwa mpaka mwisho wa wekundu, ili hewa iliyojificha kwenye mirija ipate njia ya kutoka. Vipovu vikapanda, vikapungua, vikaisha. Akafunga mfuniko, akaniambia niingie, nifunge madirisha, niwashe feni mpaka mwisho.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikaa mle ndani dakika kumi na tano, jasho likinichuruzika mpaka kwenye soksi, nikipapasa kapeti kwa mkono kila baada ya muda. Ilikuwa kavu. Jirani yangu mmoja aliyekuwa anapita na mkoba wa sokoni akasimama, akaona mwalimu wa chuo kikuu amejifungia ndani ya gari lililosimama, uso umemwiva, na hewa inamvumia. Akagonga kioo kwa upole akauliza kama niko salama, au amwite mke wangu.

Julai ya mwaka 2024 tulipita barabara ileile na Mama, kwenda kliniki safari hii, alfajiri, bila haraka. Kulikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa wazi kuanzia kona mpaka kona. Nilikuwa nimeiwasha hita tangu nyumbani, na nilimtazama kwa pembe ya jicho nikingoja aseme neno. Alivumilia mpaka tulipofika kwenye lami, akalegeza blanketi.

“Zima hicho kitu, mwanangu,” alisema. “Kinanikausha koo.”